Nafasi ya Kiroboto Katika Chumba cha Mchanga

Nyumba ya kona,
Nyuma ya ukuta wa viwanda.
Jumapili, mwanzo wa mwezi wa saba.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi. Kama salamu zingekuwa na uzito, watu wa posta wangeikataa bahasha hii. Hujambo wewe? Baridi ya huko inakuachia pumzi? Na ule mgongo uliosema unakuuma kwa kuwainua wazee wa watu unaowatunza, umepoa? Upake mafuta ya moto na ulale chali, usimsikilize daktari asiyewahi kubeba gunia.

Ukinitaka hali, mimi mjomba wako ni mzima kama chuma cha reli. Juzi nimeinua cherehani pamoja na meza yake kwa mkono mmoja, na mkaza mjomba wako akiwa amekaa juu ya meza anachambua mchele. Ukimwuliza atakana, maana siku hizi hasemi nami. Ananiwekea chakula, anageuka, anaondoka. Sababu yake utaikuta huko mbele.

Mama yako ni mzima, ila miguu inavimba jioni. Anakuombea kila asubuhi kwa sauti, hata majirani wanajua matatizo yako yote.

Najua umeshangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu ina masikio mengi, mpwa wangu. Nikikupigia, mama yako huwa ubavuni, ananinyang'anya kabla sijamaliza kusema haloo. Na kila ukiuliza habari za mdogo wako Kiroboto, tunakujibu wote kama kwaya: ni mafua tu, anaendelea vizuri. Sasa kaa kitako. Si mafua.

Ila kwanza nikueleze mtaa, kwa sababu ukishushwa hapa leo utaipita nyumba yenu usiijue. Yale mashamba ya mboga, kutoka kijitoni mpaka barabarani, yote yamemezwa na ukuta wa viwanda vya nguo. Ni ukuta mrefu, ndege wakitaka kuuvuka hupumzika katikati wakanywa maji. Sisi tunapaita Ukutani. Mtu akisema yuko Ukutani, ujue yuko kazini. Barabara ya lami ilikuja, ndiyo, na tuliipigia makofi. Ikafika langoni kwao ikasimama. Kutoka lango kuja kwetu ni matope yale yale ya utotoni mwako, ila sasa yana malori.

Sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu. Mwanzoni tulicheka. Kazi zilikuja, watu wakabadilisha bati, vijana waliokuwa wanashinda wameegemea kuta wakapata sababu ya kuamka. Ndipo wageni wakaja kwa makundi kutafuta kazi hizo hizo, na kila mwenye nyumba akakata nyumba yake vipande vipande. Ile ya mwalimu mkuu aliyekufundisha sasa ina milango mingi kuliko banda la njiwa. Vitanda vinapangishwa kwa zamu: wa mchana anapotoka, wa usiku anaingia, shuka halipati nafasi ya kupoa. Bei ya chumba imepanda mpaka wenyeji wanahamia mbali, wanakuja kufanya kazi jirani na mahali walipozaliwa.

Na kijito! Kinabadilika rangi kufuatana na suruali zinazofuliwa. Leo buluu, kesho nyeusi kama wino. Bata wa jirani yetu muuza mkaa aliingia mweupe akatoka buluu iliyoiva, kama sare ya shule, watoto wakampigia saluti. Kwenye saluti nimetia chumvi kidogo. Bata ni kweli. Na ni kweli pia kwamba alikufa, na wenzake wote wakamfuata, na sasa hakuna anayeteka maji pale hata ya kuoshea miguu.

Mimi mwenyewe, fundi niliyemshonea waziri suti kwa kumtazama tu akipita kwenye gari, nimekaa mwaka mzima nikishonea nzi. Ukutani wana nguo walizozikataa wenyewe kwa kasoro ndogo, zinatoka kwa mlango wa nyuma na kuuzwa chini sokoni kwa bei ambayo kwangu haitoshi hata uzi. Nani atanipa kitambaa? Wanafunzi wangu wameniacha mmoja mmoja. Yule binti mwenye mkono mwepesi, unamkumbuka, aliyekushonea gauni la kusafiria? Anashona mfuko wa nyuma wa kushoto. Huo tu. Asubuhi mpaka jioni, mfuko wa kushoto. Siku moja nilimwomba anisaidie shati, akalishika, akaligeuza, akaanza kulia. Mikono imesahau.

Haya. Kiroboto.

Unajua kwa nini tulimpa jina hilo. Alikuwa hakamatiki. Akiiba sukari unamwona mlangoni, ukinyoosha mkono yuko juu ya ukuta, ukiangalia ukutani yuko kwa jirani anakula sukari. Uwanjani mabeki walikuwa wanaomba kubadilishwa kabla mechi haijaanza. Mtu huyo huyo, mpwa wangu, leo akitoka kitandani kwenda chooni anasimama katikati ya ua, anashika kamba ya nguo, anasubiri. Tunajifanya hatumwoni.

Alipopata kazi Ukutani tulishangilia, maana chumba alichopangiwa kilikuwa na mshahara mzuri kuliko vyumba vingine. Wanakiita chumba cha mchanga. Kazi yake ni hii, na usidhani nakutania kama kawaida yangu: zinaletwa suruali za jinzi mpya kabisa, ngumu, zenye rangi iliyoiva. Mtu anashika bomba linalorusha mchanga kwa upepo mkali, anaipiga suruali mapajani na magotini mpaka rangi ichujuke, ionekane imevaliwa miaka. Ndivyo wanavyozitaka watu wa nchi tajiri. Siku aliponieleza nilicheka nikaanguka kwenye kiti. Nikamwambia, "Kiroboto, mimi maisha yangu yote natia viraka suruali kuukuu zirudi ujana. Ninyi mnachukua ujana mnaupiga mchanga?" Akacheka na yeye. Wakati huo alikuwa bado anaweza kucheka bila kukohoa.

Mchanga ule ukigonga nguo unavunjika, unakuwa vumbi laini kuliko unga wa ngano. Chumba hakina dirisha. Badala ya kuwapa cha kujifunika uso, walikuwa wanawapa maziwa. Pakiti moja kila mwisho wa zamu, na nyapara anawaambia kunyweni, maziwa yanasukuma vumbi. Na watu wote mtaani tuliamini. Hata mimi nimewahi kumweleza mtu kisayansi kabisa jinsi maziwa yanavyoteleza kifuani.

Kiroboto hakuwa akiyanywa. Alikuwa anaificha pakiti ndani ya shati anawapelekea mkewe na mtoto.

Kikohozi kilipoanza kutoa damu nikamchukua mwenyewe mpaka hospitali kubwa. Afisa wa Ukutani alikuwa ameshatuambia ni kifua kikuu, ni sigara, ni ukoo wenu. Kiroboto hajawahi kushika sigara, na ukoo wetu unakufa kwa uzee na ubishi. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya taratibu, alipiga picha ya kifua akaiweka kwenye taa. Nimeona vioo vingi vya magari maishani. Ile picha ilikuwa kama kioo kilichopita nyuma ya lori la kokoto.

"Mchanga huu haukoholeki, mzee," akaniambia. "Umeshajenga humo ndani. Hakuna dawa ya kuutoa. Kuna za kupunguza mateso, na hewa ya mtungi. Akiacha kazi leo, anaweza kuishi bado. Akirudi mle, sitaki kukudanganya."

Nikamwuliza habari za maziwa. Akasema maziwa yanakwenda tumboni, mchanga uko kwenye mapafu, hata angeoga maziwa ni kazi bure.

Nikaona nimepata habari njema ya kumpelekea wifi yako, kwa maana tangu mumewe aanze kuugua alikuwa hali, anasema yeye na mtoto ndio waliokinywa kifua chake. Nikamwita pembeni nikamwambia, mwanangu, tulia, maziwa hayana kosa, hata angekunywa pipa zima asingepona. Nilidhani atashukuru. Akaniuliza, "Sasa Mjomba, walikuwa wanampa ya nini?"



Sasa ndipo penye fundo, na ndiyo sababu nimechukua kalamu. Dawa za Kiroboto na ule mtungi wa hewa vinalipiwa na kadi ya Ukutani. Mfanyakazi akiacha kazi, kadi inazimwa siku hiyo hiyo. Bila kadi, hata tukiuza nyumba hii na mimi ndani yake hatutafika mbali. Ila kuna mlango mmoja, haukuandikwa popote lakini kila mtu anaujua. Nyapara hapendi bomba lilale. Mgonjwa akimleta ndugu yake wa karibu ashike bomba badala yake, jina linabaki pale pale, na kadi inabaki. Mtaani kwetu nafasi zimeshapita kwa kaka, kwa shemeji, kwa baba mzazi. Zamani tulikuwa tunarithishana mashamba. Sasa tunarithishana bomba.

Nyapara akatuma neno: mpaka Jumatatu awe amepata mtu, la sivyo nafasi anampa mwingine, na wanaoingoja wamepanga mstari.

Tulikaa Jumamosi ile chumbani kwa Kiroboto, mimi, yeye na mkewe. Mama yako tulimtuma dukani kwa makusudi. Kiroboto akaanza yeye:

"Nitarudi mwenyewe. Nitasimama karibu na mlango. Pale vumbi si jingi."

"Hurudi," mkewe akasema. "Nakwenda mimi."

"Wewe unanyonyesha."

"Na wewe unapumua?"

Kiroboto akageukia ukutani. Mkewe hakulia. Alikuwa ameshafunga nywele, ameweka viatu vya kazi mlangoni, vya mumewe, amevijaza matambara mbele vimtoshe. Nilivitazama vile viatu.

Nikasema, "Nyie watoto, tulieni. Mnagombania kazi ya watu wazima? Nimekula vumbi la vitambaa tangu kabla hamjazaliwa. Mapafu yangu yana bitana. Huo mchanga ukiingia humu utapotea njia, utaomba kuelekezwa pa kutokea."

Kiroboto akasema, "Mjomba, acha hadithi."

"Hii si hadithi. Cherehani yangu inashonea nzi. Wanangu wameshaoa. Wewe una mtoto hajaota meno. Hesabu hii hata mimi niliyeishia darasa la sita naiweza."

Alikataa. Akasema hatanywa dawa iliyonunuliwa na kifua changu. Akanitukana, na sijawahi kutukanwa vizuri vile na mtu asiye na pumzi. Nikamwacha amalize, nikamwambia mjomba ni mama mwenye ndevu, na mama haombi ruhusa.

Jumatatu nikaenda. Mlinzi wa lango ni yule jirani aliyekuwa analima bilinganya, sasa wamempa kofia na rungu. Akaniambia, "Fundi, umepotea. Cherehani ziko jengo la pili."

"Nakwenda kwenye mchanga."

Akatazama chini. "Hapo uliposimama palikuwa mwisho wa shamba langu. Ingia. Na ufunge mdomo humo ndani."

Katika yote niliyoambiwa siku ile, hilo tu lilikuwa na faida.

Nyapara aliniminya mkono kama mtu anayenunua mbuzi. "Mzee, una umri gani?" Nikamjibu, "Wa kuoa." Wakacheka, nikapita.

Mle ndani taa zinaonekana kama mwezi wa nyuma ya wingu. Hamtambuani, mnaonana vivuli tu, na kelele za mabomba zinakufuata mpaka nyumbani. Nikawekewa suruali ya kwanza. Niliigeuza kwa mazoea ya fundi nitazame mshono. Ulikuwa mshono safi, umekaa sawa, uzi haujapinda popote. Labda ule mfuko wa kushoto ni wa yule binti wangu, sijui. Kisha nikaishikia bomba mapajani nikaiharibu.

Sasa niko wiki ya tatu. Sisemi kwa kujisifu, lakini vijana wenye nusu ya umri wangu wananifuata kwa mbali. Nyapara anaziinua suruali zangu juu, anawaambia, "Tazameni za mzee, utadhani zimelimiwa!" Ni kweli. Mimi najua suruali ya mtu inachakaa wapi kwanza, najua ya dereva na ya mwashi na ya mtu anayepiga magoti. Nimezipokea mikononi miaka yote. Wao wanakisia, mimi nakumbuka.

Kwa hiyo ukipita dukani huko ukaona suruali mpya imechujuka magotini vizuri sana, kama ya mtu aliyeishi, msimamishe mwenye duka umwulize nani aliizeesha na kwa kitu gani. Uliza kwa sauti. Daktari anasema watu wa Ukutani hawatusikii sisi, lakini wanaonunua wakiuliza, wanasikia upesi. Ziko nchi, anasema, zilizoupiga marufuku mchanga huu. Ndiyo maana umekuja kwetu.

Mama yako anaamini nimepata kazi ya kushona huko ndani, jengo la pili, karibu na dirisha. Nimemweleza hata dirisha lenyewe linavyopitisha upepo. Usiniumbue. Mkaza mjomba wako alijua siku ya kwanza, aliposhika shati langu.

Na Kiroboto? Wiki nzima hakuniangalia usoni. Siku hizi ananisubiri uani nikirudi. Haniruhusu kuingia na nguo za kazi. Ananivua shati mwenyewe, halikung'uti, analitumbukiza kwenye ndoo ya maji polepole ili vumbi lisiruke, kisha anakaa kwenye kigoda analifua. Ni shati moja tu, lakini inamchukua muda kwa kuwa anapumzika kila baada ya kulikamua kidogo. Nilimwambia aache, mkewe atafua. Akasema, "Nipishe, Mjomba. Hii ndiyo kazi yangu." Nikampisha.

Sasa nikuombe mambo mawili, na hakuna lililo la pesa ya matumizi. La kwanza, barakoa. Si ya kitambaa. Ya kitambaa nimejishonea mwenyewe, tabaka nne, hata maji hayapiti, lakini daktari kasema vumbi lile linapita kama mwizi mwenye ufunguo. Anasema ziko za mpira zinazobana uso, zina vichujio vya kubadilisha. Ukiweza leta zaidi ya moja, wenzangu mle ndani ni watoto wadogo, wananiita Babu na wananichekea meno yakiwa meupe kwa vumbi.

La pili ndilo kubwa. Wewe uko kati ya wauguzi na mahospitali. Uliza, gonga milango, soma yale ambayo sisi hatuyaelewi, utafute njia mdogo wako atibiwe bila kadi ya Ukutani. Chama, shirika, kanisa, msikiti, mtu mwema, yeyote. Siku utakayoniambia umepata, sitamaliza hata zamu. Nitalitupa bomba chini mbele ya nyapara na hadithi yake utaisikia huko huko uliko bila simu.

Usilie, na usimpigie mama yako kwa sauti ya kulia. Mimi unanijua. Kifua hiki kiliwahi kuzuia lori lisirudi nyuma, dereva mwenyewe alishuka akanishika mkono. Naweza kungoja, mpwa wangu.

Ila usikawie. Tangu Ijumaa nimeanza kusafisha koo asubuhi.

Msalimie mumeo, yule mrefu asiye na maneno, mwambie bado namdai mchezo wa bao. Wabusu watoto. Wifi yako anakusalimu, mdogo wako anakusalimu na kusema hajambo, na kichanga wao ametoa jino la kwanza chini, amemng'ata mama yako kidole na mama yako amefurahi kama aliyepewa zawadi. Muuza mkaa naye anakusalimu.

Mungu akulinde huko ugenini, akufungulie milango utakayoigonga, na akuamshe kila siku ukiwa na pumzi tele, wewe na nyumba yako.

Ni mimi nikupendaye siku zote,

Mjomba wako, Fundi,
ambaye hajashindwa bado.